Pini za Uzi Mwekundu

Paka wa mtaa ule walikuwa na adabu zao: wakifika mbele ya kibanda cha dobi, walipita wamenyamaza. Pasi yake ya mkaa ilikuwa nzito hivyo. Hata mwenyewe watu walimwita Mama Pasi. Kila nguo iliyoingia kwake aliichomekea kikaratasi cha jina la mwenyewe, kwa pini aliyoifunga uzi mwekundu, maana nguo isiyo na alama ni yatima, na yatima kwenye rundo la dobi harudi kwao.

Basi nyumba ya wageni iliyokuwa ikimletea mashuka ikafungwa. Mashuka hayo ndiyo yaliyomweka mjini. Asipopata mwingine wa kumpa mashuka, mwisho wa mwezi angefunga kibanda akakae kwa mkwewe, mke wa mwanawe, mwanamke mwema, ila akikunja nguo utadhani anakunja ngumi.

Bintiye, mfanyakazi wa kiwanda cha uchapaji, akamchapia kadi za biashara na kumtafutia mwaliko wa mkutano wa wafanyabiashara hotelini. Njia nzima alimfunda. Asimrukie mtu na kadi kama anayemdai. Amsalimie, amuulize kazi yake, amsikilize. Kadi ya mtu aipokee kwa mikono miwili, aitazame kabla ya kuiweka.

"Na usiitie kwenye sidiria, mama."

"Gauni halina mfuko, mwanangu. Niitie kwenye sidiria ya nani?"

Mama Pasi alikuwa amesimama na pasi tangu alfajiri. Alipoingia ukumbini, taa zilikuwa laini kama mvuke, zulia likammeza nyayo, ubaridi ukamshusha kope kwa usingizi. Hakuona watu. Aliona suti tupu zikielea taratibu, zikijaa na kusinyaa kama nguo kwenye kamba siku ya upepo mwanana. Mazungumzo yalimfikia kama maji ya kusuuzia, yakimwagika chumba cha pili. Akatabasamu. Akajua yuko kazini.

Suti ya kijivu ikaelea mpaka kwake, ikamnyooshea kadi. Akaipokea kwa mikono miwili, akaitazama. Kikaratasi chenye jina la mtu; kwake kitu hicho kina mahali pamoja tu. Akachomoa pini moja ya uzi mwekundu, katika zile alizozoea kuzipanga kwenye ukosi wa gauni, akamchomekea mwenyewe kadi yake kifuani, akampangusa bega.

"Mama, unanifanyaje?" aliuliza mwenye suti, muuza saruji mwenye kitambi cha kutangulia.

"Nakuweka alama, baba, usije ukachanganywa na wenzio."

Muuza saruji alicheka mpaka vikombe vikaitikia mezani. Wengine wakaja nao wawekewe. Mama Pasi akichomeka anamuuliza kila mmoja kazi yake, anasikiliza, anampapasa ukosi. Watu waliokuwa wakikwepana wakaanza kusomana vifua na kuitana majina. Wapo wasemao hata pazia lilijisogeza lipate alama yake. Mimi simo, lakini sibishi.

Mwishoni alimkuta mwanamke wa koti jeupe, peke yake karibu na mlango. Yule akamweleza kwamba ana nyumba ya wageni, na mashuka yake yanarudi yakinuka uvundo. Mama Pasi akamchomekea kadi yake kwa pini, akampa pole, akamwambia dawa ya uvundo ni jua la asubuhi. Akaelea zake.

Nyumbani bintiye alifungua mkoba wa mama yake. Kadi za mama zilikuwamo zote, hata mpira uliozifunga haujavuliwa.

"Mama, umempa nani?"

Hapo ndipo usingizi ulipomtoka. Akakaa kitandani.

"Aliniambia mashuka, mwanangu. Mashuka kabisa. Nami nikampa pole."

Kesho yake akaanza kufungasha. Alikuwa ameivisha pasi kanga ya zamani, kama mtoto anayesafirishwa, alipoona koti jeupe mlangoni. Nyuma yake mchukuzi alikuwa amebeba furushi kubwa, miguu tu ndiyo iliyoonekana. Mwanamke yule alishika pini vidoleni. Akasema ameipita mitaa na mitaa, kila kamba ya nguo anasimama, anauliza uzi mwekundu ni wa nani.

"Shikamoo, mama. Kadi yako hukunipa. Nimekuja na hii."

Mama Pasi akaipokea kwa mikono miwili. Akaitazama kwanza, vizuri, kisha akaichomeka kwenye shuka la juu kabisa.