Mstari Uliopitia Kanduyi

Nilikuwa na kiburi cha kompyuta, na sioni haya kukisema. Katika ofisi yetu ndogo ya Kitale tulikuwa na ghala la data lililojaa kumbukumbu za simu za wakulima walioturuhusu: nani alimpigia nani, basi, wala si walichosema. Kutoka ghalani tuliziingiza kwenye hifadhidata ya grafu, inayochora kila mkulima kama nukta na kila simu kama mstari. Tulitaka kujua habari za viwavijeshi husambaa vipi, ili onyo tukimtumia mtu mmoja kijijini, lifike kila shamba la mahindi.

Sasa, karibu na Kimilili kulikuwa na nukta mbili zilizoniudhi kweli. Mashamba yao yalitenganishwa na ua tu, lakini kati yao hapakuwa na mstari hata mmoja. Nukta moja ilikuwa ya mama mmoja, na simu yake ilishuka kwanza hadi mjini Kanduyi, ndipo nyingine ikapanda kutoka Kanduyi hadi kwa jirani yake. Na kijiji kilikuwa na jozi nyingi za namna hiyo.

Mkuu wangu alitazama skrini akasema, "Hii data ni mbovu. Futa kijiji chote."

Kukifuta kulimaanisha hakuna onyo litakalofika huko, na viwavi walikuwa njiani. Nikamwomba siku moja.

Nilimkuta yule mama akipepeta maharagwe. Nikamwonyesha mchoro, nikamuuliza kama amekosana na jirani.

"Ati tumekosana?" Alicheka mpaka ungo ukamponyoka. "Huyo si ni mkwe wangu, bana! Alioa msichana wangu. Sasa nitampigia simu aje, na mkwe haongeleshwi? Nikiwa na neno naambia msichana, anauza nguo hapo Kanduyi, yeye anaambia bwana yake."

Mara mkwe mwenyewe akakohoa ng'ambo ya ua. Mama akaokota ungo, akaingia jikoni mbio, nami nikabaki na maharagwe yaliyotapakaa. Mimi mtoto wa Kitale, wazazi wangu walihamia kutoka Mkoa wa Kati, heshima hiyo ya mama na mkwe kukwepana nilikuwa nikiisikia tu. Nilicheka njia nzima.

Kijiji hakikufutwa. Viwavi walipokuja, nilimtumia onyo yule mama, nikakodolea macho skrini. Chai yangu haijapoa, mstari ukashuka Kanduyi, mwingine ukapanda kwa mkwe. Nikapiga makofi peke yangu ofisini, furaha tele.

Baada ya siku mbili mama akanipigia.

"Mwanangu, nimeamka nikapata mtu amepulizia dawa mahindi yangu yote, mpaka kwa ua. Najua ni nani. Hiyo mashine yako, si mkwe wangu pia iko ndani? Basi iambie imwambie, mama anashukuru."