Rubani Aliyetua na Bango Mkiani

Zachariah Were ameketi hewani. Ameshika kamba kwa mikono miwili, visigino vimezama kwenye nyasi zenye umande, na uzito wake wote ameutupa nyuma kama mtu anayevutana na ng'ombe mkaidi. Upande wa pili, kamba hiyo imeshikwa na komeo la chuma lililo chini ya mkia wa ndege ndogo nyeupe ya viti viwili.

Ndani ya ndege, Mercyline Awiti anageuza kichwa. “Mzee, uko tayari?”

“Niko. Lakini usinicheze.”

Mercyline anavuta kishikio kilicho kando ya kiti chake. Komeo linafunguka, kamba inachomoka, na Zachariah anaanguka chali. Anacheka akiwa bado amelala kwenye umande.

“Nimeanguka vizuri?”

“Umeanguka poa sana, mzee. Amka turudie.”

Hivi ndivyo asubuhi inavyoanza katika kiwanja hiki kidogo cha ndege, cha nyasi tupu, nje ya Nairobi upande wa Kikuyu. Kila Zachariah anapoanguka ni habari njema, kwa sababu maana yake komeo limeachilia. Kuna siku mwezi wa Julai ambapo halikuachilia, na Mercyline alikuwa juu.

Tangu siku hiyo hajaruhusiwa kuvuta bango tena. Leo mwenye ndege, Bwana Kuria, amekuja kutazama kwa macho yake. Mercyline atapaa na kuangusha bango mara mbili. Likikwama hata mara moja, kazi ya mabango imekufa hapa.

“Mimi sitabishana na mtu,” anasema Kuria, mikono ndani ya mifuko ya jaketi. “Ikikwama, hizi vyuma nauza, na ndege inarudi kubeba wapiga picha.”

Mercyline, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, anajua maana ya maneno hayo. Wapiga picha wana rubani wao. Yeye ni rubani wa mabango, na hulipwa kwa safari, shilingi elfu tatu na mia tano. Msimu wa mvua mwezi unaweza kuisha akiwa amepaa mara mbili tu.

Ni kazi ambayo wengi wameiona lakini wachache wanajua inavyofanyika. Ndege haipai na bango. Bango hulazwa chini kwenye nyasi, na kitanzi chake huning'inizwa juu ya nguzo mbili, kama kamba ya kuanikia nguo. Rubani hupaa kwanza, kisha hurudi chinichini akiburuta kulabu kwa kamba ndefu. Kulabu ikinasa kitanzi, huinua pua ya ndege kwa nguvu, na herufi huinuka kutoka ardhini moja baada ya nyingine.

Rubani hazioni herufi hizo, maana ziko nyuma yake. Kwa hiyo Zachariah husimama chini na redio ya mkononi akimsomea. Herufi ya kwanza ikiinuka, anaitaja. Ya pili, anaitaja. Akifika ya mwisho, Mercyline anajua bango limenyooka lote na anaweza kuelekea mjini.

Huko mjini hukata kona za kushoto pekee. “Bango linasomeka upande mmoja,” anaeleza. “Watu wa kushoto kwangu ndio wanasoma. Wa kulia wanaona tu ndege imebeba nguo.”

Mercyline alizaliwa Kangemi, kwa wazazi waliotoka Ugenya. Mama yake bado anauza omena na sukuma wiki sokoni hapo. Mercyline alipomaliza kidato cha nne alipata kibarua cha kuosha ndege, na akiwa na ndoo na matambara alianza kuwauliza marubani maswali. Mmoja alimwambia kwamba masomo ya urubani hulipiwa kwa saa unazokaa hewani. Hilo alilishika. Saa moja inanunulika, akawaza, na baada ya hapo nyingine.

Nyingi za saa hizo zilitoka kwenye chama cha akina mama wa sokoni. Zamu ya mama yake ya kupokea mchango ilipofika, pesa zilienda kwa shule ya urubani.

“Wenzangu walinunua sufuria na viti,” anasema mama yake huku akipima omena kwa mkebe. “Mimi nikanunua upepo. Walinicheka mpaka wakachoka. Sasa akipita hapa juu wao ndio wa kwanza kupiga kelele, ‘Mama Mercy, zile sufuria zako zinapita!’”

Ilimchukua Mercyline miaka tisa kupata leseni ya kulipwa. Kampuni kubwa alizoomba kazi hazikumjibu. Kuria alimjibu.

Siku ile ya Julai bango lilikuwa na maneno mawili: NYAKIO KUBALI. Kijana mmoja aitwaye Lenox alitaka kumchumbia mpenzi wake, na alikuwa amempandisha juu ya paa la gorofa wanayoishi Kileleshwa, pamoja na marafiki. Mawingu ya asubuhi yalikuwa yameinuka lakini baridi ilibaki. Mercyline alifuata Waiyaki Way, akapita kando ya Kangemi, akazunguka Kileleshwa mara kadhaa kwa kushoto, kisha akapitisha bango karibu na katikati ya jiji ili pesa za Lenox zifanye kazi yote. Akarudi kiwanjani.

Alipofika juu ya nyasi alivuta kishikio.

“Mzee, limeanguka?” aliuliza kwa redio.

“Hapana, kapteni. Bado linakufuata.”

“Nimevuta.”

“Vuta na hasira.”

Alivuta kwa mikono miwili. Akazunguka, akapunguza mwendo, akajaribu tena. Akainua pua ya ndege na kuishusha taratibu ili kamba ilegee kidogo, akavuta wakati huohuo. Bango halikutoka.

Kwa mtu aliye chini, ndege yenye bango inaonekana nzuri. Kwa rubani anayetaka kutua, kamba na herufi zile ni mkia mrefu karibu kama uwanja wa mpira, unaoning'inia chini kuliko magurudumu. Ukinasa kitu, ndege inavutwa nyuma na kuanguka. Na upande wa magharibi, ambako Mercyline huingilia kila siku, kuna barabara ya watu wanaotoka sokoni, na juu yake nyaya za umeme.

Kuria, aliyekuwa ofisini, alichukua redio. Alimtaka aende juu ya msitu wa Ngong akalitikise mpaka likatike.

“Nikilitikisa likatoka nusu, hiyo nusu ingine nitaipeleka kwa nani?” Mercyline alimjibu. “Nitatua nayo. Lakini si kwa barabara. Nitaingilia mashariki.”

Upande wa mashariki hakuna nyumba wala nyaya. Kuna malisho ya jirani, mzee Kinyanjui, na ua wa senyenge unaotenganisha malisho hayo na kiwanja. Senyenge ile ingenasa herufi ya kwanza itakayoifikia. Mercyline alitazama mafuta. Yalitosha zaidi ya saa nzima.

“Mzee Zachariah,” alisema, “toa ua.”

Zachariah alikuwa mtu wa mahema kabla ya kuja hapa. Miaka mingi alisimamisha mahema ya harusi na matanga Kangemi, na kung'oa nguzo ni jambo alilofanya kila Jumapili jioni. Alikimbia na nyundo na koleo. Kinyanjui alimkuta ameshakata waya wa kwanza.

“Were! Unafanya nini na ua wangu?”

“Nautoa.”

“Na ng'ombe zangu?”

“Zitoe pia. Kapteni ako juu na hawezi kuachilia hiyo kitu.”

Kinyanjui aliangalia juu, akasoma. “Hiyo kitu imeandikwa nini? Huyo Nyakio hajakubali?”

“Kinyanjui, shika nguzo!”

Akashika. Majirani wengine wakaja, wengine kufukuza ng'ombe, wengine kupiga picha kwa simu. Picha hizo zilifika Kileleshwa kabla ndege haijatua. Nyakio, ambaye alishakubali na kula keki, anasema alishtuka kuona ndege bado inamsihi.

“Nilimwambia Lenox, pigia hao watu uwaambie nimekubali kitambo, washuke,” anakumbuka. “Tulicheka sana. Tulipoambiwa ni kwa nini haishuki, nilikaa chini nikaomba.”

Juu, Mercyline alikuwa akizunguka mbali na nyumba na kusema kwa sauti hatua zote atakazofuata, mwanzo mpaka mwisho, kisha tena. Upepo ungekuwa mgongoni, kwa hiyo ndege ingeingia kwa kasi kuliko kawaida. Lakini bango likigusa nyasi lingeivuta nyuma. Hesabu yote ilikuwa hapo. Akipunguza injini mapema, bango lingemwangusha kabla ya kufika. Akichelewa, angepitiliza kiwanja na kufika kwenye barabara na nyaya zilezile anazozikwepa.

“Mikono ilikuwa inatetemeka,” anasema. “Miguu haikutetemeka. Nikasema basi, leo nitaamini miguu.”

Alihitaji kujua bango liko umbali gani kutoka ardhini, na hakuwa na njia ya kuliona. Zachariah alisimama mahali ambapo ua ulikuwa, akainua redio, na kufanya kazi yake ya kila siku kwa kuianzia mwisho.

“I iko chini. L iko chini. A.”

Mercyline aliacha injini ivute.

“B. U. K iko chini. Neno moja limelala, kapteni.”

Alihisi, anasema, kama mtu amemshika koti kwa nyuma. Pua ya ndege ilitaka kuinuka. Akaisukuma chini.

“O. I. K.”

“Bado?”

“Bado. A. Y iko chini.”

Hapo alipunguza injini. Magurudumu yaligonga, yakaruka, yakagonga tena. Ndege ilisimama kabla hata ya kufika katikati ya kiwanja, na vumbi jekundu likaipita. Mercyline alizima kila kitu na kubaki ameketi. Zachariah alipofungua mlango alimkuta akilia.

“Alinipa leso,” anasema, “kumbe ni tambara la grisi. Nikatoka nje na uso mweusi. Picha zote za siku hiyo niko hivyo.”

Tambara lile lilieleza jambo lenyewe. Wiki hiyo Mercyline alikuwa amelalamika kwamba komeo linalia kama mlango wa jikoni. Zachariah akataka kumfurahisha, akalijaza grisi. Vumbi jekundu la kiwanja likanata ndani yake, na baridi ya juu ikalikaza. Fundi wa ndege alilichokoa kwa bisibisi, likatoka vipandevipande kama ugali wa mtama.

Kuria alitaka kumfukuza Zachariah siku hiyohiyo. Mercyline alikataa.

“Nilivuta kishikio asubuhi hiyo, kamba ikiwa imelegea, nikaona kinafanya kazi,” anasema. “Hakuna siku bango limenivuta kamba ikiwa imelegea. Kwa hivyo nilipima kitu kingine. Tulikosea wawili, na mimi ndiye rubani.”

Tangu hapo komeo hufutwa kwa kitambaa kikavu na tone la mafuta mepesi, na kila asubuhi Zachariah huning'inia kwenye kamba mpaka aanguke. Fundi pia aliongeza kishikio cha pili chenye waya wake, kinachofungua komeo la pili endapo la kwanza litagoma. Mkaguzi wa ndege alikuja, akavitazama, akaviruhusu. Aliyebaki hajaridhika ni Kuria.

Sasa jua limefika kwenye nyasi. Mercyline anapaa, anarudi chinichini, kulabu inanasa. Bango la leo ni kuukuu, lisilo na maana yoyote, herufi zilizokusanywa stoo. Anazunguka mbali, anarudi juu ya kiwanja.

Kuria ametoa mikono mifukoni.

Bango linaachana na ndege na kushuka likipepea, kisha linatulia kwenye nyasi kama shuka linalotandikwa. Zachariah anakimbia kulikunja na kulitega upya.

Safari ya pili Mercyline anatangaza kwa redio kwamba hatagusa kishikio cha kwanza. “Tuseme kimekufa,” anasema. Anavuta cha pili. Bango linashuka.

Anapotua, Kuria anamngoja karibu na bawa. Hana tabasamu, lakini mkono ameunyoosha. “Jumamosi kuna mteja wa magodoro,” anasema. “Katikati ya jiji, na Westlands. Utaenda?”

“Nitaenda. Lakini bado sijamaliza leo.”

“Nimeshakubali, Mercyline. Unataka nini ingine?”

Mercyline anaonyesha upande wa mashariki. Kinyanjui alikubali kuweka ua mpya wenye lango pana, na lango hilo liko wazi. Ng'ombe wamefungwa mbali. Upepo bado haujaamka.

“Nataka kutua nalo,” anasema.

“Una wazimu?”

“Siku ile nilitua nikiwa naogopa, na kuna vitu nilifanya sivijui mpaka leo. Mwakani nataka kuanza kufundisha vijana hii kazi ya mabango. Nikiulizwa ukikwama unafanyaje, siwezi kujibu eti niliamini miguu.”

Kuria anatazama ndege, anatazama lango, kisha anamtazama Zachariah, ambaye tayari anaelekea kwenye nguzo mbili akiwa na kitanzi begani.

“Na mimi nisimame wapi?” Kuria anauliza hatimaye.

“Mbali na barabara,” anasema Mercyline, na kupanda.