Papa Anayelala Mchana

Harufu ya papa mkavu ndiyo iliyotutangazia kwamba Baba amerudi. Alifanya kazi kwenye treni za mizigo za kwenda Mombasa, na kila aliposhuka Nakuru alikuwa na kipande kimefungwa ndani ya gunia. Kuta za nyumba za reli zilikuwa nyembamba, kwa hiyo majirani nao walijua. Mama Auma wa mlango wa pili, aliyezoea samaki wa ziwa la kwao, alisema Baba anatupikia kiatu.

Mimi nilipenda maelezo kuliko nyama. Baba alikuwa amemwona papa wa namna hiyo akiwa mzima, ameletwa ufukoni na wavuvi: ngozi ya kahawia inayokwaruza kama msasa, macho madogo, na vinyama viwili vinavyoning'inia mbele ya mdomo kama masharubu. Mchana kutwa hulala chini kabisa baharini, penye miamba, amelaliana na wenzake. "Utaapa amekufa," Baba alisema, "kumbe anapumua palepale alipolala. Giza likiingia anaamka, anaenda kufyonza kaa na pweza mashimoni." Nilimfanya arudie mpaka Mama akasema jamani, mwache mtu ale.

Miaka hiyo ya hamsini kulikuwa na kiangazi kimoja kibaya. Ziwa Nakuru lilikauka, na upepo ukatuletea vumbi jeupe la magadi mpaka ndani ya unga. Mdogo wangu Wafula, ambaye hata kutembea alikuwa bado anayumbayumba, alianza kukohoa. Asubuhi moja, Baba akiwa safarini, kikohozi kikanyamaza.

Watoto wadogo kama yeye hawakusafirishwa kuzikwa kwetu magharibi. Walizikwa hapohapo mjini, siku ileile, na wanaume walikuwa wameshaenda kuchimba. Mama Auma alipoinama na shuka, nilimshika mkono.

"Usimfunike uso! Amelala tu, kama papa wa Baba. Ngojeni giza liingie, ataamka."

"Woi, mtoto huyu," akasema Mama Auma, akaanza kulia.

Mama akawageukia majirani. "Basi tungoje jioni," akawaambia. "Pengine treni ya baba yake itaingia." Nilidhani ameniamini.

Nilikaa kando ya Wafula nikikiangalia kifua chake. Jua likielekea kuzama, Baba akatokea mlangoni na gunia lake. Nilimrukia kwa furaha. "Baba, nimewazuia wasimpeleke! Mwamshe sasa."

Gunia lilimponyoka. Alimbeba Wafula, akaketi nami sakafuni. "Huyu si samaki, mama yangu," akaniambia, maana nilipewa jina la mama yake. "Huyu hataamka." Nililia kwa hasira, nikimwona mwongo. Tulimzika kabla giza halijaingia, na tangu siku hiyo Baba hakunisimulia tena habari za bahari.

Mwaka jana nilimpoteza mume wangu. Siku hizi kuna mochari, na maiti alikaa humo majuma kadhaa tukisubiri watoto wapate nafasi ya kusafiri. Kila jioni wageni walipoondoka, niliketi peke yangu nyumbani hapa Nakuru, mtaa wa Section 58. Nilikuwa na jioni nyingi kuliko ile moja niliyoomba nikiwa mtoto, na hakuna hata moja ambayo nilitumaini chochote.