Kipande cha Mwisho Kwenye Trei

Saa kumi na moja alfajiri ya tarehe nne Julai, Arlys Brekke alisimama jikoni kwake na soksi miguuni, paji la uso kaliegemeza kwenye mlango wa friji. Ndani mlikuwa na trei nne alizoziandaa jana yake: mkate uliokatwakatwa, soseji, jibini, maziwa na mayai dazeni sita. Ilibaki kuzitia kwenye oveni tu. Lakini goti la kulia lilikataa kukunjika. Akalingoja, kama mtu anavyomngoja mtoto mbishi, kisha akaanza kazi.

"Leo nasema," aliiambia oveni.

Alichotaka kusema kilikuwa kifupi: hii ndiyo mara ya mwisho. Kwa miaka ishirini na sita, kila sikukuu ya uhuru wa Marekani, ukoo wa Brekke na majirani wa Barabara ya Tatu walikuja kula kwake kabla ya gwaride, kwa sababu gwaride la mji wetu wa Vestby hupita mbele ya baraza yake. Kabla yake mwenyeji alikuwa mama mkwe wake, Borghild. Borghild hakumkabidhi kazi kwa maneno. Alipoanza kuugua, mtu mmoja alilibeba birika lake kubwa la kahawa, la umeme, la vikombe arobaini, akaliweka juu ya meza ya Arlys, waya umeviringishwa vizuri, akaenda zake. Hakuna aliyemuuliza kama analitaka. Huku Minnesota mizigo mingi huhama hivyo, kimya kimya.

Mwaka uliopita alikuwa amestaafu kupika katika shule ya mji, baada ya miaka thelathini na moja ya kulisha watoto wa watu. Watu wakasema sasa atakuwa na nafasi. Hawakujua kwamba nafasi yenyewe ilimkuta amekwisha. Asubuhi aliamka kachoka kama alivyolala, akainywa kahawa yake dirishani akiutazama ua uliohitaji kufyekwa, na siku ikapita hivyo.

Kusema alikuwa amejaribu. Miaka mitatu nyuma alianza, "Nafikiri mwakani," na LaVonne Stueve wa nyumba ya pili akamdaka: "Mwakani ongeza soseji." Watu wakacheka, naye akacheka. Sisi wa huku hatujui kusema jambo likiwa uchi. Ukikaribishwa kahawa unakataa mara mbili, ya tatu unakubali nusu kikombe. Mtu kavunjika mguu, ukimuuliza hali atakwambia si mbaya sana.

Saa mbili na nusu alifika Duane Haugdahl, mkulima mstaafu wa upande wa pili wa barabara, aliyefiwa na mkewe Inez miaka sita iliyopita. Yeye huwa wa kwanza. Bila kuulizwa alianza kuvifungua viti vya kukunja vilivyoazimwa kanisani, akivipanga majanini kwa mstari ulionyooka kama mistari yake ya mahindi. Mbwa wake alijilaza katikati.

Kisha wakaja wengine, na bakuli zao: stroberi na buluberi na krimu, na tena stroberi na buluberi na krimu, maana kila nyumba ilidhani ni yenyewe tu iliyofikiria rangi za bendera, nyekundu, buluu na nyeupe. LaVonne alivaa shati la nyota.

"Mwenzangu, usingejisumbua hivi," alimwambia Arlys.

"Si kitu."

"Mayai mangapi safari hii?"

"Machache tu."

"Machache ya Arlys," LaVonne aliwatangazia watu, "kuku wa wilaya nzima hawajalala wiki hii."

Kari, binti wa Arlys, alifika na mumewe Brent na watoto wawili, wote wanne wakiwa na sura za watu waliotoka mapema kwenye safari ndefu. Kari alimbusu mama yake shavuni.

"Mama, kaa basi."

"Nakaa sasa hivi."

Hakukaa. Saa tatu kamili Verlyn, mume wa Arlys, mtu wa maneno machache, aliipandisha bendera mlingotini. Watu wakaweka mikono vifuani na LaVonne akauanza wimbo wa taifa juu mno, kama kila mwaka, hivi kwamba kwenye ile sehemu ya sauti kupanda walibaki yeye na mbwa wa Duane. Baadaye wakala. Arlys alizunguka na kahawa, akaingia, akatoka, akaifuta meza, akaingia tena. Mara tano alifungua kinywa kusema, na mara tano mtu alimnyooshea kikombe.

Trei tatu ziliisha. Ya nne ikabaki na kipande kimoja.

Kwetu hakuna mtu anayechukua kipande cha mwisho. Ni heri mtu afe na njaa. Brent alipita, akakikata katikati, akachukua nusu. LaVonne akaja akaikata ile nusu. Binamu mmoja wa Verlyn akachukua robo ya kilichobaki, akisema anaonja tu. Kila aliyepita alikipunguza kipande kile na kuacha kingine, kwa heshima, mpaka kikawa kama jiwe la domino, kisha kama ukucha wa kidole gumba. Na kisu kikawekwa tena pembeni, tayari kwa mwingine.

Arlys alisimama na jagi la kahawa mkononi akitazama. Baadaye alimwambia mke wa mchungaji kwamba hakukasirika, ila alijiona yeye mwenyewe mle ndani ya trei. Aliliweka jagi chini, akaokota uma wa mtu, akakila kile kipande chote.



"Kumbe ulikuwa na njaa," LaVonne alisema taratibu.

"Nina njaa miaka ishirini na sita," Arlys alisema. "Sijawahi kukaa kwenye meza hii. Hii ndiyo mara ya mwisho. Mwakani sipiki."

Alijikaza kungoja malalamiko. Alikuwa ameyaandalia majibu, hata usiku aliyapanga kichwani. Badala yake alimsikia Brent akishusha pumzi ndefu, kama mtu anayevua kiatu kinachombana.

"Mama, una hakika?" Kari aliuliza.

"Nina hakika."

"Basi nikwambie tu." Kari alimtazama mumewe, kisha sahani yake. "Mama yake Brent hutuita ziwani kila sikukuu. Watoto wanalia wakaogelee na binamu zao. Tunamwambia hatuwezi, kwa sababu yako."

"Kwa sababu yangu?"

"Ungeumia."

"Mimi, mwenzangu, soseji daktari alinikataza zamani," LaVonne alisema. "Nameza kidonge ndipo nije."

Arlys alimgeukia mumewe. "Na wewe? Hii ni ya mama yako. Nimeibeba kwa ajili yako."

Verlyn alikizungusha kikombe chake. "Mimi sipendi mayai."

"Tangu lini?"

"Tangu utoto. Mama alikuwa anajua."

Kicheko kilianza upande mmoja kikaenea meza nzima, na Arlys naye akacheka, lakini mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa meza. Uchovu wa kazi dawa yake inajulikana, nayo ni usingizi. Huu mwingine ulikuwa mgeni kwake: kujua kwamba alfajiri zote zile hakuna mtu aliyemwomba aamke.

Ngoma zikasikika kutoka upande wa maghala ya nafaka. Watu waliinuka upesi, wepesi, kama wanafunzi siku ya kufunga shule, wakamgusa bega, wakamwambia amefanya vizuri kusema, wakakimbilia ukingo wa barabara. Verlyn akawafuata na kofia yake. Kwa mara ya kwanza Arlys akavuta kiti, akaketi mbele ya sahani za watu wengine.

Duane hakwenda. Alikuwa akivikunja viti vilivyoachwa, polepole.

"Arlys," alisema. "Mwakani."

"Usianze, Duane."

"Nauliza tu."

"Na wewe ulikuwa unakuja kunionea huruma? Sema kweli. Leo nimechoka kiasi kwamba haitaniuma."

Duane alisimama na kiti mkononi kama anayeitazama mbingu kabla ya kukata majani ya ng'ombe.

"Huruma kidogo," alisema. "Nusu hivi. Mwaka ule aliofariki Inez ulinipigia simu, nikaona aibu kukataa. Lakini nyumbani nakula nimesimama, pale kwenye sinki. Mwaka mzima. Hapa ndipo nakaa."

"Kiti unakifungua mwenyewe."

"Ndiyo. Lakini pembeni panakuwa na mtu."

Magari ya zimamoto yalipiga honi. Peremende zikarushwa, na watoto wa Kari wakapiga mbio. Arlys aliunyanyua mguu mbovu kwa mikono miwili, akauweka juu ya kiti cha mbele yake.

"Sipiki, Duane."

"Sijasema upike."

"Hata kahawa sichemshi. Lile birika nalipeleka kanisani kesho."

"Kahawa nitaleta mimi. Saa nne. Lala mpaka utakapochoka kulala."

Arlys alimtazama. Alitafuta usoni mwake ile adabu yetu, ya kukata nusu na kuacha nusu, akaiona kidogo, na zaidi yake akaona mtu mwenye shida ya kweli anayengoja jibu.

"Kahawa yako mbaya," akasema.

"Najua. Inez alikuwa anaimwaga kwenye maua."

"Maua yakafanyaje?"

"Yalikufa."

Arlys alifumba macho. Gwaride lilikuwa linapita mbele ya nyumba yake, na hakuwa na haja ya kuliona.

"Basi lete," alisema. "Ila usije kabla ya saa nne."