Chupa ya Fundi Vanishi

“Acha utani, wifi! Mume wangu anarudi kupiga vanishi,” alisema mjane wa kaka yangu, akinionyesha jinsi chupa ya marehemu ya spiriti ya kuchanganyia vanishi ilivyopungua tena.

“Arudi asinisalimie mimi dada yake? Kifuniko umekilegeza wewe! Kikikazwa, mvuke hujaa humo juu, unaopanda na unaorudi ukalingana, spiriti ikatulia. Kikilegea, unatoroka wote.”

“Najua. Lakini nikikaza, harufu yake itanihama chumbani.”

Mimi niliyewahi kuapa kwamba nilimpanda mamba, nikaichungulia tu chupa. Chupani kilibaki kina cha kidole kimoja. Nikanyoosha mkono nikaze kifuniko, akaudaka.

Koridoni ndara zikaburuzwa, mguu wa kushoto ukichelewa, kama alivyotembea marehemu. Harufu ya spiriti ikatangulia mlangoni. Akaingia binti yao, katoka kupiga vanishi karakanani kwa baba yake, ndara za marehemu miguuni.