Mdalasini wa Bibi

Juzi kwenye darasa la jioni, mwalimu wa Kiingereza aliandika ubaoni neno bequeath. Akasema maana yake ni kumwachia mtu mali kwa wasia, neno la heshima, la mahakamani. Mwenzangu akafungua chupa ya chai ya mdalasini, na ile harufu ikanirudisha utotoni, kijijini Matombo, kwa bibi mzaa baba.

Mimi ndiye niliyekuwa nambandulia magome ya mdalasini, mikono inanukia mpaka kanisani nikiiunganisha kusali. Siku moja bibi akatuita mimi na binti wa shangazi. Akamwambia yule, "Mjukuu wangu, miti hii nakuachia wewe."

"Na mimi, bibi?"

"Wewe ni wa ukoo wa mama yako, mwanangu. Kwetu Waluguru shamba linafuata upande wa mama."

Mama yangu alitoka mbali, na kwao shamba wanapewa wanaume, si mabinti kama mimi. Roho ikaniuma.

Binti wa shangazi akabandua kipande cha gome, akaninyooshea. "Chukua, dada, wala usiogope. Nakupa."

Asubuhi ile ile nilikuwa nimejibandulia mwenyewe bila kuomba. Nikakipokea kwa mikono miwili, nikasema ahsante, kama mgeni.