Kombe la Riziki

Harufu ya zafarani ikinipitia puani, hata kwenye biriani la arusini, hamu ya kula hunikatika. Wenzangu hudhani naona haya. Haya ninazo, sikatai, lakini si hizo. Ninyi nitawaambia: ile harufu hunirudisha nyumbani kwetu Chumbageni, nina miaka minane hivi, nimesimama mlangoni na ufagio, namwonea wivu mdogo wangu.

Riziki alikuwa mkaidi. Akiambiwa aoge, huketi. Akiambiwa aketi, hutoka mbio. Chuoni, kusoma Kurani, alikwenda kwa kuburutwa, na siku moja njiani alivua mtandio akamfunga nao mbuzi wa jirani. Mama alimchapa, akachoka yeye kabla ya mtoto. Bibi akasema mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, na Riziki akamuuliza, kwa adabu kabisa, Idi ni lini.

Basi shangazi yetu wa Mwera akatuma neno: kama mama ameshindwa, atakuja kumchukua mtoto akamlee yeye shamba, atanyooka. Baba akawa kama anayekubali. Mama akaomba asubiriwe, akaenda kwa mwalimu wa chuo kuandikiwa kombe.

Mwalimu aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe. Asubuhi mama aliyaosha yale maandishi kwa maji na marashi, yakawa maji ya manjano ndani ya bakuli. Kisha aliketi mkekani, akampakata Riziki, akamsomea, akampulizia utosini, akamshika kidevu taratibu kama anashika yai. Riziki alikaza meno. Mama alingoja, akabembeleza, akangoja tena, chai ikapoa. Ikawa hivyo kila asubuhi.

Mimi hakuna aliyenibembeleza. Wageni wakiniulizia, mama alisema huyu hana taabu, alhamdulillahi. Neno hilo lilinichoma. Mtu asiye na taabu nani humtazama? Nilifagia uwanja, nikasuuza vyombo, nikahifadhi sura zangu, na kadiri nilivyozidi kuwa mwema ndivyo nilivyozidi kutoonekana. Nikaanza kuomba moyoni shangazi aje. Riziki akienda Mwera, lile paja litakuwa langu.

Shangazi akaja. Asubuhi yake alikaa kitini, buibui mwilini tayari, akatazama kombe linavyonyweshwa. Akasema asipokunywa leo anaondoka naye, kwake Mwera habembelezwi mtu mpaka jua likatoka. Mama alimsogezea Riziki bakuli, Riziki akakaza meno, nami mlangoni nikasema kimyakimya, kaza, kaza hivyohivyo.

Mara Riziki akafumbua kinywa.

"Sinywi mpaka Da Saumu akae na yeye. Kila siku anasimama pale tu."

Mama akageuka, akanitazama kama mtu aliyekumbuka kitu jikoni. Shangazi akacheka, akauliza huyu mzima wa watu naye anaumwa nini. Mama akanyoosha mguu wa pili.

"Njoo, Saumu. Njoo mwanangu."

Nikaenda. Nilichokikalia hakikuwa kile nilichokitamani. Paja lilikuwa linatetemeka. Shingo ya mama ilikuwa imelowa jasho, midomo imemkauka, na mkononi, karibu na bangili, palikuwa na alama za meno ya Riziki, za zamani na mpya. Kumbe zile asubuhi zote hakuwa anadekeza. Alikuwa amemshikilia mtoto asichukuliwe.

Riziki akanywa nusu, nusu akanipa mimi. Shangazi alikunywa chai, akaondoka peke yake. Msinielewe vibaya, Riziki hakunyooka. Mpaka leo walimu wake wanamjua kwa sauti.

Sasa niko kidato cha tatu. Nikitaka jambo, hunikaa kooni mpaka wakati wake upite. Kwa miaka nilijiambia kwamba asubuhi ile mama ndiye aliyeniona, na nikaridhika hivyo. Si kweli. Aliyeniona ni yule niliyekuwa naombea aondoke. Na neno nililolibana tumboni siku zote zile, yeye, mwenye miaka sita, alilisema mara moja, mbele ya shangazi. Wivu wenyewe haujaisha. Paja nilishalisamehe zamani. Kinywa chake bado.